Bima ya Maisha kwa Malipo Nafuu: Maelezo kwa Watu wa Garsen na Mto Tana

Watu wa Garsen na wa vijiji vya kando ya Mto Tana wanajua vizuri maana ya kuchangiana. Mtu akifa Ngao, Tarasaa au Idsowe, sanda hupatikana, jeneza hupatikana, mchele na unga huletwa, na mwenye gari hutoa gari. Lakini matanga yakiisha kila mtu hurudi kwake. Mjane hubaki na watoto, na hapana kijiji kinachoweza kuchanga karo ya shule kwa muda wa miaka 10. Hapo ndipo bima ya maisha inapofaa. Wengi wamekwisha kuisikia, na wengi wameiacha kwa neno moja tu: ni ghali.

Neno hilo lina kweli ndani yake, ila si kweli yote. Bei ya bima ya maisha si moja kama bei ya sukari dukani. Watu wawili wanaoishi nyumba moja waweza kutozwa malipo yaliyo mbali sana, nao wote wawili wakatendewa haki. Maelezo haya yataonyesha sababu zake, na mambo ambayo mwalimu, mfugaji, mkulima wa maembe au mwenye duka anaweza kuyafanya ili alipe kidogo bila ya kupoteza kinga yenyewe.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo ambayo watu huyachanganya. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa bima ya mifugo katika Wajir na Turkana, kisha ukaenezwa hadi kaunti nyingine za ukame, Tana River ikiwa mojawapo. Katika mpango ule picha za setilaiti zilitumiwa kupima ukijani wa malisho, na malisho yalipokauka kupita kiasi kilichowekwa, mwenye mifugo alilipwa fedha ili anunue chakula cha wanyama wake kabla hawajafa. Hiyo ilikuwa bima ya ng'ombe, si bima ya mwenye ng'ombe. Tena, sheria ya wanyama wa porini ya mwaka 2013 inasema ya kuwa jamaa za mtu aliyeuawa na mamba, nyati au tembo wapewe na Serikali Sh. 5,000,000. Hiyo ni fidia, wala si bima. Haiwahusu waliokufa kwa malaria au kwa ajali ya gari katika njia ya Malindi, na wanaoidai wamezoea kungoja sana. Na shirika la SHA, lililoshika mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, kazi yake ni matibabu ya mgonjwa, si riziki ya mayatima.

Bima ya maisha ni mapatano kati ya mtu na kampuni. Mtu hulipa kiasi fulani kila mwezi au kila mwaka, na kampuni huahidi kwamba akifa katika muda uliotajwa, watu aliowaandika watapewa fedha zilizopatanwa. Mapatano hayo huandikwa katika hati ya bima.

BEI HUTOKA WAPI

Tuseme kuna watu 1,000, kila mmoja ana umri wa miaka 30, na kila mmoja anataka jamaa zake wapewe Sh. 500,000 kama akifa katika mwaka ule. Tuseme tena ya kuwa kwa kawaida katika watu 1,000 wa umri huo hufa 4 kwa mwaka. Hesabu hii ni ya mfano tu, ili jambo lenyewe lionekane. Kampuni itahitaji Sh. 2,000,000 za kuwapa jamaa za wale 4. Zikigawanywa kwa watu 1,000, kila mmoja hana budi kutoa Sh. 2,000 kwa mwaka mzima. Juu ya hizo huongezwa gharama za ofisi, ujira wa wakala, na faida ya kampuni.

Sasa watu walewale 1,000 tuwafanye kuwa wa miaka 50, na tuseme kwamba hufa 12. Hapo kampuni yahitaji Sh. 6,000,000, na fungu la kila mmoja ni Sh. 6,000. Hakuna aliyeonewa. Kilichobadilika ni hatari tu. Basi kila kinachopunguza hatari, au kinachopunguza gharama za kampuni, hupunguza bei. Na kila kinachozidisha hatari huizidisha. Anayelishika neno hili moja hatahitaji kuamini tu kila maneno anayoambiwa na wakala.

Watu hawakulijua jambo hili siku zote. Huko London chama kilichoitwa Amicable, kilichoundwa mwaka 1706, kiliwatoza wanachama wake malipo yaleyale, kijana na mtu mzima. Yule mnajimu Edmond Halley, ambaye nyota yenye mkia imepewa jina lake, alikuwa amekwisha kutoa mwaka 1693 jedwali la vifo kwa kila umri, alilolipata katika daftari za mji wa Breslau. Lakini wafanya biashara hawakulitumia. Baadaye alitokea mwalimu wa hesabu, James Dodson, ambaye inasemwa ya kuwa alikataliwa na Amicable kwa sababu umri wake ulikuwa umepita kiasi. Badala ya kununa, alikaa na kalamu yake akafanya hesabu ya malipo yanayofuata umri wa mtu siku anapoingia, na yasiyopanda tena baadaye. Dodson alikufa mwaka 1757, naye hakuona matunda ya kazi yake. Kampuni ya Equitable ilianzishwa kwa hesabu hizo mwaka 1762. Kampuni za bima ya maisha za leo, pamoja na zile zilizozaliwa pwani yetu kama Jubilee iliyoanza Mombasa mwaka 1937, zinafuata njia hiyohiyo.

UMRI NA KITAMBULISHO

Kwa kuwa malipo hupimwa kwa umri wa siku ya kuingia, anayeanza akiwa na miaka 28 hupata bei ambayo mtu wa miaka 45 hataipata kwa maneno yoyote. Vijana husema, "Mimi bado, hayo ni ya wazee." Wangekumbuka ya kuwa mwenye watoto wadogo ndiye mwenye haja kubwa zaidi, naye ndiye anayeuziwa kwa bei ndogo zaidi. Mzee ambaye watoto wake wote wamekwisha kuoa na kuolewa, na hana deni, pengine hahitaji bima ya maisha hata kidogo, na ni hasara kumuuzia.

Katika Tana River kuna jambo la pekee juu ya umri. Wazee wengi walizaliwa nyumbani, katika manyatta ya Waorma au mashambani kwa Wapokomo, na kuzaliwa kwao hakukuandikwa popote. Walipokwenda kuchukua kitambulisho walikadiriwa umri kwa mwaka wa ukame au wa mafuriko makubwa, na tarehe ikaandikwa 1 Januari. Kampuni ya bima haijui mafuriko yale. Yenyewe husoma kitambulisho. Ikiwa kitambulisho chasema miaka 52, hali wewe una miaka 47, utalipia miaka 5 ambayo hujaiishi. Mwenye daftari la ubatizo au la shule linaloonyesha umri wake wa kweli yafaa apeleke kwa ofisi ya uandikishaji, asahihishiwe kwanza, ndipo aombe bima.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Wako wanaojipunguzia miaka ili walipe kidogo. Mtu akifa, kampuni hutaka kuona ushahidi wa umri, na ikigundua ya kuwa umri ulipunguzwa, fedha za jamaa hupunguzwa vivyo hivyo. Faida ya shilingi chache kwa mwezi huwa hasara ya maelfu siku ambayo mwenye kusema uongo hayupo tena kujieleza.

BIMA TUPU NA BIMA YENYE AKIBA

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea au kuokolewa, kwa hiyo tusipite haraka.

Bima ya maisha ni za namna mbili kubwa. Ya kwanza ni bima ya muda. Unajikinga kwa miaka 10 au 15 au 20. Ukifa ndani ya muda huo jamaa hulipwa. Usipokufa, muda unaisha na hakuna anayepewa kitu. Ya pili ni bima iliyochanganywa na akiba, na bima nyingi za elimu ya watoto ni za namna hiyo. Ukifa, jamaa hulipwa. Usipokufa, mwisho wa miaka wewe mwenyewe hupewa fedha.

Watu wengi huipenda ya pili mara moja. Husema ya kwanza ni kutupa fedha. Lakini fanya hesabu. Kama kampuni itakupa Sh. 500,000 baada ya miaka 15, sharti izipate mahali. Miaka 15 ni miezi 180. Gawanya Sh. 500,000 kwa 180, utaona karibu Sh. 2,780 kwa mwezi. Faida inayopatikana kwa kuweka fedha hizo kazini itaipunguza hesabu hiyo, na gharama za kampuni zitaipandisha tena. Vyovyote vile, malipo hayawezi kuwa madogo, kwa sababu unanunua vitu viwili: kinga na akiba. Bima ya muda inauza kinga peke yake. Katika mfano wetu wa juu kinga ya Sh. 500,000 kwa kijana ilikuwa Sh. 2,000 kwa mwaka kabla ya gharama, yaani chini ya malipo ya mwezi mmoja ya ile nyingine.

Bima yenye akiba si mbaya. Kwa mtu ambaye hawezi kuweka fedha bila ya kulazimishwa, na ambaye mshahara wake hauna shaka, yaweza kumfaa sana. Lakini kwa mtu wa Garsen anayesema bima ni ghali, mara nyingi kilicho ghali ni akiba, si bima. Naye wakala si lazima amwambie hivyo, maana ujira wake hufuata ukubwa wa malipo. Basi muulize kwa maneno haya: "Nionyeshe bei ya bima ya muda peke yake, kwa kiasi hikihiki cha fedha." Akikataa kuionyesha, tafuta mwingine.

Tena pima haja yako kabla ya kutaja kiasi. Mtoto wa mwisho ana miaka mingapi? Atamaliza shule lini? Una deni gani katika ushirika au benki? Kama mtoto wa mwisho ana miaka 6, kinga ya miaka 15 yatosha. Usiuziwe ya miaka 30. Na kama deni lako la ushirika tayari lina bima ndani yake, kama ilivyo katika vyama vingi vya akiba na mikopo, hapana haja ya kulikinga mara ya pili.

MAVUNO, MNADA NA MALIPO YA KILA MWEZI

Bima hufa malipo yakikatika. Kampuni humngoja mtu siku chache, mara nyingi 30, kisha kinga huondoka. Katika bima ya muda hakuna kinachorudi. Katika bima yenye akiba, kwa kawaida mtu aliyelipa chini ya miaka 3 hapati kitu akijitoa, na aliyelipa zaidi hupata pungufu ya alichotoa. Kwa hiyo bima iliyo ghali kuliko zote ni ile uliyoilipia miaka miwili kisha ukaiacha.

Na kwa nini watu huiacha? Sababu moja kubwa katika nchi yetu hii ya mto ni kwamba malipo yamepangwa kwa mwezi, hali mapato si ya mwezi. Mkulima wa maembe hupata fedha msimu wa maembe. Mkulima wa mpunga hupata baada ya mavuno. Mfugaji hupata siku anapouza madume mnadani, na huenda miezi mitano ikapita asiuze hata mbuzi. Watu kama hawa wakitia sahihi malipo ya kila mwezi, mwezi wa nne au wa tano huanguka. Lakini kampuni nyingi hupokea malipo mara moja kwa mwaka, na hupunguza bei kwa anayelipa hivyo, kwa kuwa kukusanya mara moja ni rahisi kuliko kukusanya mara 12. Mfugaji akitoa bei ya mbuzi mmoja au wawili mara moja baada ya mnada, amepata kinga ya mwaka mzima, tena kwa bei ya chini kuliko jirani yake anayehangaika kila mwezi. Mwenye mshahara, kwa upande wake, afadhali akatwe mshaharani kabla fedha hazijafika mkononi.

Nauli nayo ni sehemu ya bei. Mtu wa Kipini au Oda anayelazimika kwenda Malindi kulipa Sh. 300 atatumia zaidi njiani, na mafuriko ya mwaka 2023 na 2024 yametukumbusha ya kuwa njia yenyewe yaweza kukatika. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 malipo haya yaweza kupelekwa kwa simu. Angalia tu ya kwamba fedha zinakwenda kwa namba ya kampuni, wala si kwa simu ya wakala mwenyewe, hata kama ni mtu wa kwenu na mnasali pamoja. Ujumbe wa malipo uliomo katika simu ndiyo stakabadhi yako, usiufute.

Njia iliyo nafuu kuliko zote ni kuingia kwa kikundi. Chama cha akina mama, ushirika wa wavuvi, walimu wa shule, jamaa za msikiti au kanisa, hata wenye bodaboda wa Minjila, wakienda pamoja kampuni huwahesabu kama kitu kimoja. Huandika hati moja, hutuma bili moja, na kwa kuwa wamechanganyika vijana na wazee, wazima na wagonjwa, kwa kawaida haimtaki kila mmoja apimwe na daktari mradi kiasi cha fedha kisipite kikomo kilichowekwa. Gharama hizo zote zilizookolewa hurudi katika bei. Bima ya kikundi ya gharama za mazishi peke yake ni ndogo zaidi, nayo ni mlango mzuri wa kuanzia. Serikali nayo ilitoa kanuni za bima ndogondogo mwaka 2020, ili watu wa kipato kidogo wauziwe mikataba mifupi inayoeleweka.

Lakini kikundi kina mambo yake. Kinga ni ya mwaka mmoja, hufanywa upya kila mwaka, na bei yaweza kubadilika. Anayetoka katika kikundi hutoka katika kinga. Na mweka hazina asipopeleka fedha kwa wakati, wote wamebaki wazi, hata wale waliolipa. Kikundi chenye busara huwapa watu wawili kazi ya kupeleka fedha, na kila mwanachama huonyeshwa stakabadhi mkutanoni.

UKWELI JUU YA AFYA

Fomu ya kuomba bima huuliza juu ya presha, ugonjwa wa sukari, tumbaku, pombe, na kazi ya mtu. Mvuta sigara hutozwa zaidi. Aliyeacha kabisa na kukaa muda, mara nyingi miezi 12, aweza kuomba bei ya asiyevuta. Presha iliyo katika matibabu, na karatasi za hospitali zinaonyesha imetulia, huhesabiwa vizuri kuliko presha isiyojulikana. Kwa hiyo kupimwa katika hospitali ya Ngao au Hola kabla ya kuomba bima si kupoteza siku.

Kuficha ugonjwa ni kununua karatasi isiyo na kitu. Kampuni hupata nafasi ya kuchunguza wakati wa dai, na daftari za hospitali husema. Juu ya virusi vya UKIMWI kuna sheria ya mwaka 2006: mtu hawezi kulazimishwa kupimwa au kutangaza hali yake ili tu apate bima, na kampuni sharti iweke kiasi cha kinga ambacho chini yake haulizwi. Akitaka kiasi kikubwa kuliko hicho, hapo aweza kuombwa apimwe.

Soma pia mambo ambayo hati inayakataa. Kampuni nyingi hazilipi mtu aliyejiua katika mwaka wa kwanza au wa pili, na bima za mazishi huwa na miezi kadhaa ya kungoja. Katika Delta ya Tana swali jingine ni la lazima. Mapigano ya mwaka 2012 yaliua watu zaidi ya 100, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa majumbani. Hati nyingi hutaja vita na fujo katika mambo yasiyolipwa. Ziko zinazomnyima tu aliyeshiriki katika fujo, na ziko zinazomnyima hata aliyeuawa akiwa amelala. Bei ya hizo mbili yaweza kuwa moja. Uliza, na jibu liandikwe.

KWA WAISLAMU, NA KWA WANAOLIPA KODI

Waorma, Wawardei na Wapokomo wengi ni Waislamu, na wako wasioingia bima kwa sababu ya riba na mambo ya kubahatisha. Wanavyuoni wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Baraza la Fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1985 lilikataa bima ya biashara ya kawaida na kukubali bima ya kusaidiana. Katika takaful wanachama hutoa michango katika mfuko wao kama tabaruu, kampuni ni msimamizi tu, na ziada hurudi kwa wanachama au kwa wema. Sudan ilikuwa na kampuni ya namna hiyo tangu 1979, na Kenya ilipata Takaful Insurance of Africa mwaka 2011. Jambo la kuangalia ni kwamba kibali cha bima ya mali na matibabu si kibali cha bima ya maisha. Mwombaji aulize kampuni ina kibali gani kabla hajatoa kitu. Nayo ziada ikirudi, bei ya kweli imeshuka.

Mwalimu, muuguzi, askari na karani wa kaunti wana nafuu nyingine ambayo wengi hawaidai. Sheria ya kodi ya mapato inampunguzia mlipa kodi asilimia 15 ya malipo ya bima ya maisha, yake mwenyewe au ya mke, mume au watoto, mradi nafuu hiyo isizidi Sh. 60,000 kwa mwaka. Bima ya elimu sharti iwe ya miaka isiyopungua 10. Anayelipa Sh. 2,000 kwa mwezi hurudishiwa Sh. 300 katika kodi yake, yaani Sh. 3,600 kwa mwaka. Kinachotakiwa ni cheti kutoka kwa kampuni, apewe mwajiri au kitumiwe wakati wa kujaza hesabu za kodi. Asiyelipa kodi hapati chochote hapa, na wakala anayemwahidi mfugaji nafuu hii hajui kazi yake au anajua sana.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Bei ya chini peke yake si dalili njema. Kenya National Assurance ilikuwa mali ya Serikali, na watu waliiona kama mwamba. Ilianguka mwaka 1996, na wenye hati walingoja miaka mingi. Tangu hapo umewekwa Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, lakini hulipa hadi kikomo fulani tu. Wasimamizi wa bima nchini ni mamlaka iitwayo IRA, na kila kampuni na kila wakala sharti awe na kibali chao, kinachofanywa upya kila mwaka. Mwambie wakala akuonyeshe kibali cha mwaka huu. Hakuna wakala wa kweli atakayekasirika. Linganisha kampuni tatu kwa kiasi kilekile, miaka ileile na umri uleule. Tofauti utakazoziona zitakushangaza.

Hati ikipatikana, isifichwe. Wanaume wengine huwaficha wake zao kwa kuogopa maneno, na mwisho wake fedha hukaa bila mwenyewe. Kwa sheria ya mwaka 2011 fedha zisizodaiwa hupelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, na jamaa hulazimika kuzifuata huko, kama wanajua ziko. Mke au mtoto mkubwa ajue jina la kampuni na namba ya hati. Majina ya watakaolipwa yaandikwe kama yalivyo katika vitambulisho vyao, na yabadilishwe mtu akioa tena au akifiwa na aliyeandikwa.

Siku ya kudai, kampuni hutaka hati, vitambulisho, na cheti cha kifo. Hicho cha mwisho ndicho kinachowashinda wengi wa huku. Mtu akifia nyumbani huzikwa siku ileile au ya pili yake, na watu husahau daftari. Kifo cha nyumbani huandikwa kwa naibu wa chifu, ambaye hutoa kibali cha mazishi, na kwa karatasi hiyo cheti huombwa katika ofisi ya uandikishaji. Miezi 6 ikipita kabla ya kuandikwa, huhesabiwa kuwa maandikisho ya kuchelewa, na ushahidi zaidi hutakiwa. Basi mtu mmoja wa nyumba ile, wakati wengine wanachimba kaburi, atumwe kwa naibu wa chifu.